Kompyuta Hii Si ya Mtoto

Jumanne, 5 Novemba

Daftari hili ni la vipimo vya wateja. Kurasa za nyuma ni tupu, na mimi leo nimefura, kwa hiyo nitaandika humu. Afadhali karatasi kuliko mtu.

Nimeenda duka la kompyuta saa nne asubuhi, mvua inanyesha, orodha yangu ya vifaa nimeitia kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Mwenye duka ni mwanaume wa makamo, miwani yake imeungwa kwa gundi pale kwenye pua. Ameisoma orodha. Ameniangalia. Kisha akachungulia nyuma yangu kana kwamba kuna mtu nimemwacha nje.

"Ni ya mtoto, mama?"

"Hapana."

"Basi ya mzee nyumbani."

"Ni yangu."

"Aa, ya kazi. Kuandika barua, hesabu ndogondogo."

"Ya michezo. Mbio za magari."

Akacheka. Na mteja aliyekuwa anachagua waya pembeni naye akacheka. Yeye aliulizwa na nani?

Basi niandike mambo yalivyo, ili siku nikiulizwa tena nisitukane mtu. Nina miaka arobaini na nne. Ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Kwa miaka mitatu, kila siku saa ya chakula cha mchana, nacheza mbio za magari ya matope kwenye simu, pamoja na wanawake watatu ambao sijawahi kuwaona kwa macho. Nawajua kwa sauti tu. Kapteni wetu ni muuguzi. Tarehe 12 Januari kuna kombe, na kombe hilo simu hairuhusiwi, ni kompyuta tu. Kapteni ametuambia wazi: ikifika Jumapili ya tarehe 5 Januari, kila mmoja awe ameendesha jaribio kwenye kompyuta yake mwenyewe. Asiyeweza, nafasi yake inachukuliwa na mwanamke wa akiba. Mimi ndiye ninayeendesha raundi ya mwisho. Nafasi hiyo siitoi.

Kuhusu vifaa, nimepatana na huyo Miwani. Ana maduka matatu na wafanyakazi wake wanavaa kila mtu lake. Nitamshonea mashati thelathini na sita, naye atanipa vifaa kimoja kimoja kadiri ninavyopeleka mashati. Amekubali haraka. Nadhani bado anaamini ni ya mtoto.

Alhamisi, 7 Novemba

Kola kumi na mbili. Mvua. Shemeji kaamka saa tano.

Jumanne, 12 Novemba

Shemeji ni mdogo wake mume wangu. Alikuja kwa wiki mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu ana mwezi wa tano na hata sindano hajaokota sakafuni. Anasema anasubiri kazi ya kompyuta. Kazi yenyewe inamsubiri wapi, hasemi.

Leo ameiona orodha yangu mezani, akaisoma huku anakula.

"Shemeji, nani kakuandikia hii?"

"Nimeandika mimi."

"Hii kadi ya picha ni ya kitoto. Nikwambie kitu? Kompyuta ya michezo ni kadi. Weka kadi kubwa kuliko zote dukani, vingine vyote ni mapambo."

Debe tupu! Nimesoma mambo haya mwaka mzima, mkate mkono huu na simu mkono ule. Nimemweleza taratibu, na hiyo taratibu imenigharimu. Prosesa ndiyo inayofikiri. Kadi ya picha ndiyo inayochora. Ramu ndiyo meza ya kazi, mazabodi ni ubao ambao wote wamekaa juu yake, na pawasaplai ndiyo inayowagawia umeme. Ukimweka mchoraji hodari na mwenye kufikiri ni goigoi, mchoraji atakaa anasubiri kuambiwa achore nini, na gari litakwama katikati ya kona. Ukiwapa wote wawili nguvu, halafu umeme ni wa kubahatisha, wataungua pamoja. Vifaa ni kulingana. Suruali haiwi nzuri kwa kiuno peke yake.

Akasema, "Shemeji, wewe shona."

Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikauweka chini.

Jioni nimemwambia mume wangu. Amesema, "Usijali, ndivyo alivyo. Hasira hasara." Hiyo ndiyo dua yake. Ukimwambia nyumba inaungua atasema usijali.

Jumatano, 20 Novemba

Nimepeleka mashati nane, nimepewa kasha. Nimechagua dogo, linaloingia chini ya meza ya kukatia. Jeusi, halina taa hata moja. Shemeji ameliona, akasema limekaa kama sanduku la viatu. Binti yangu akamjibu, "Baba Mdogo, na wewe unavyolala kwenye sofa umekaa kama viatu vyenyewe." Ana miaka kumi na tano. Nilipaswa kumgombeza. Nimeingia jikoni nikacheka peke yangu.

Jumatano, 27 Novemba

Mashati manne. Nimeomba pawasaplai. Miwani ameshangaa. "Kila mtu anachukua hiyo mwisho, mama, tena anachukua yoyote iliyobaki."

Nimemwambia nimetumia cherehani za umeme miaka ishirini. Nimeona mota tatu zikifa, na hakuna hata moja iliyokufa kwa uzee. Zote ziliuliwa na umeme mbovu. Nataka ile nzito, yenye jina lake na dhamana yake, hata kama hakuna atakayeiona.

Akaenda stoo mwenyewe badala ya kumtuma mtu. Aliporudi aliniita "fundi." Kisha akaharibu: "Mwanao atakushukuru." Mwanangu wa kiume yuko chuoni anasomea misitu, na mchezo anaoujua ni bao peke yake!

Jumapili, 1 Desemba

Mazoezi saa tisa mchana, kwa simu. Simu imechemka mpaka nimeifunga kwenye kitambaa kilicholowa. Kona ya tatu imeganda, nimetoka nje ya njia, tumeshindwa na watu ambao tukiwa na vifaa sawa tunawaacha mbali.

Kapteni akasema, "Dada, mimi najua mkono wako. Lakini tarehe tano ni tarehe tano."

"Naipata kabla ya hapo."

"Uipate kweli. Yule wa akiba ananipigia kila siku."

Ampigie. Ataongea mpaka mate yamkauke.

Ijumaa, 6 Desemba

Prosesa na mazabodi. Nimebeba kifuani kama mtoto mchanga, koti limefunika boksi, mimi nimelowa.

Jumamosi, 14 Desemba

Leo nimejiaibisha, na kwa haki niandike na ya kwangu.

Kadi niliyoitaka ina feni tatu, ni ndefu. Kabla ya kuichagua nilipima kasha kwa futi yangu ya kushonea, nikaandika urefu, nikaridhika. Leo nimebeba kasha mpaka dukani tuijaribu. Haiingii. Vidole viwili vimebaki nje. Miwani anasukuma, mimi nasukuma, wapi. Kumbe nilipima ukuta kwa ukuta, nikasahau kwamba mbele pale zinakaa feni za kasha zenyewe. Yaani mimi, ninayemwambia kila mteja apumue kawaida ndipo nimpime, nimelipima kasha limevuta tumbo!

Tumecheka wote wawili. Kisha akanionyesha nyingine ya feni mbili, fupi, nguvu ile ile. Imeingia na nafasi ya kidole ikabaki. Ameiandikia karatasi na kuiweka kando mpaka nilete mashati kumi ya mwisho. Ramu nimeondoka nayo leo, vipande viwili, pamoja na diski, kibodi na skrini ya mtumba. Mashati kumi si kitu. Jumapili ijayo naiunganisha mwenyewe, mchana, juu ya meza ya kukatia, mlango nimefunga.

Ijumaa, 20 Desemba

Mashati kumi nimepeleka jioni wakati wanafunga. Kadi nitaichukua keshokutwa. Kesho siku nzima niko shuleni. Mume wangu ndiye mtunza stoo pale, ndiye aliyeniletea kazi hii: watoto wapya mia moja na ishirini wa kupimwa.

Jumamosi, 21 Desemba

Sijala wala sijavua viatu. Naandika hivyo hivyo.

Nimerudi saa kumi, miguu imevimba, futi shingoni. Mlango wa chumba changu cha kushonea uko wazi. Ndani kuna mwanga mwekundu, mara wa bluu, mara wa kijani. Mume wangu amesimama, mikono nyuma, anatabasamu. Shemeji amekaa kwenye kiti changu, kile chenye mto nilioushona mwenyewe. Mbele yake kompyuta inawaka na anaendesha gari. Binti yangu yuko kwenye kona, macho mekundu.

"Karibu, shemeji!" kasema bila kugeuka. "Tumekumalizia kazi."

Sikuelewa mara moja. Nilitazama kasha. Ubavuni limeachwa wazi, na ndani kuna kadi kubwa kama tofali, inang'aa taa. Nikajiuliza imeingiaje. Kisha nikaona msumeno wa chuma juu ya meza ya kukatia, na unga wa chuma umemwagika juu ya kitambaa cheupe cha mashati ya shule. Amelikata kasha langu. Amekata vyuma vya mbele ambako feni zinakaa, kingo zimebaki kama meno.

"Hii kadi imetoka wapi?"

"Dukani. Nilimwambia mzee wa miwani umenituma. Nikarudisha ile prosesa yako na ile pawasaplai na kipande kimoja cha ramu, nikamwachia na ile kadi ya kitoto aliyokuwekea, akanipa hii mama yao, na prosesa nyingine na pawasaplai nyingine za kuanzia. Shemeji, hakuna kadi nyingine kama hii mtaa mzima!"

"Na yeye akakupa."

"Kwa nini asinipe?"

Binti yangu akasema kutoka kwenye kona, "Mama, nilimwambia ni yako. Nikamwambia akupigie. Akasema mama ataelewa. Nimekupigia mara tisa." Simu yangu ilikuwa ndani ya mkoba, mkoba ofisini, mimi uwanjani na watoto mia moja na ishirini.

Nikamwambia Shemeji, "Toka kwenye kiti."

Alitoka. Nilikaa. Niseme ukweli, picha ilikuwa nzuri ajabu. Matope yanang'aa, majani unayahesabu. Nimeanza raundi, nikanyoosha, vizuri. Nimeingia kona ya kwanza, gari likaganda. Likaruka mbele. Likaganda. Mchoraji anasubiri. Ndivyo nilivyomweleza mwezi uliopita, maneno yale yale, anakula wali wangu! Kona ya pili hivyo hivyo. Kwenye mlima, pale kila kifaa kinapodai umeme, nikasikia mlio, pa! Kama kifungo kimekatika. Skrini ikazima. Harufu ya plastiki ikajaa chumba.

Nimeipapasa pawasaplai. Nyepesi kama boksi la chaki, haina jina wala dhamana. Nimechomoa waya ukutani. Mazabodi ina doa jeusi la ukubwa wa kifungo cha shati.

Mume wangu akasema, "Usijali, mke wangu. Hasira hasara. Si mchezo tu?"

Basi nikawapa vidonge vyao. Nilimtolea uvivu Shemeji mpaka majirani wakazima redio. Nimemwambia mashati thelathini na sita yana kola thelathini na sita, mikono sabini na miwili, vifungo mia mbili na hamsini na viwili, na kila kimoja nimekishona mimi na yeye amelala. Nimemwambia mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, na yeye hata kunyonga hajui. Kwamba kama alitaka kadi kubwa akaishonee. Kwamba mtu anayekata kitu cha mwenzake kwa msumeno ili kiingie kitu ambacho mwenzake hakukiomba, huyo si mtaalamu, ni mwizi mwenye vifaa.

Shemeji akanywea. Akasema kwa sauti ndogo, "Nilitaka kusaidia."

"Ulitaka kuchezea."

Akainama, akaanza kukusanya unga wa chuma kwa kiganja.

Lakini aliyeniumiza si yeye. Shemeji nilimjua. Ni huyu mwingine, aliyesimama mikono nyuma saa tatu nzima akiangalia msumeno unakata kitu changu, anatabasamu.

Jumapili, 22 Desemba

Kapteni amepiga. Nimemwambia bado kidogo. Sijawahi kumdanganya kabla ya leo.

Jumatatu, 23 Desemba

Nimefua kitambaa cheupe mara tatu, madoa ya kutu hayatoki. Nimekata kingine.

Alhamisi, 26 Desemba

Nimewaza jambo moja tu siku zote hizi. Kadi ile kubwa haikuungua, naamini, maana feni zake ziligeuka kidogo nilipoijaribu kwenye kompyuta ya jirani. Miwani anaweza kuirudisha. Lakini akiniona naingia peke yangu ataniambia, mama, mlichukua wenyewe. Na kwenye karatasi yake bila shaka ameandika nilituma mtu. Basi aliyesema uongo aende akaseme kweli, pale pale, mbele ya watu wale wale.

Nimemwambia mume wangu amwambie mdogo wake twende wote.

"Mke wangu, utamdhalilisha kijana mbele za watu."

"Kijana ana miaka thelathini."

"Tulizana. Tutatafuta nyingine mwakani."

Mwakani! Akageuka upande mwingine, akavuta shuka.

Jumamosi, 28 Desemba

Miaka ishirini na moja nimewaambia watu mume wangu ni mpole. Dada zangu wananionea wivu. Hapigi kelele, halewi, hanyimi. Leo, nikiwa napiga pasi mikunjo ya sketi, imeniingia kwamba upole wake kila mara nalipia mimi. Shemeji alikuja kwa wiki mbili, mpole akanyamaza, sebule nikaipoteza mimi. Shule iliagiza sare mia moja na ishirini kwa wiki tatu, mpole akasema sawa, mgongo ni wangu. Mtu asiyetaka kugombana na yeyote lazima awe na mtu mmoja wa kubeba, na mtu huyo amekuwa mimi. Nimekasirika mpaka nimeunguza sketi.

Jumanne, 31 Desemba

Mvua haijakatika tangu alfajiri. Sare themanini na sita tayari.

Saa nane mchana mume wangu ameleta vitambaa kutoka stoo, akakuta nimekaa nimeweka mikono mapajani, sishoni. Hilo hajawahi kuliona. Akaogopa. Akauliza kama naumwa.

Nikamwambia, "Nionyeshe kitu kimoja ndani ya nyumba hii ambacho ni changu."

"Vyote ni vyako."

"Kimoja. Nyoosha kidole."

Akatazama. "Cherehani."

"Cherehani inalisha nani?"

Akatazama tena. Kabati? La kwetu. Redio ni ya kwake. Simu yangu, ndiyo aliyoitaja, na wakati huo huo alikuwa anaitumia yeye kwa sababu ya kwake haina chaji. Akaigeuza mkononi. Alitazama ukutani, chini, juu ya kabati. Nilimpa muda, sikumharakisha. Mwisho macho yake yakafika kwenye lile kasha lililokatwa chini ya meza, yakabaki pale.

"Nilidhani ni mchezo," akasema.

"Ni mchezo. Na ni wangu."

Hakusema usijali. Ametoka, amesahau vitambaa mlangoni.

Alhamisi, 2 Januari

Asubuhi, kabla ya chai, nimesikia sauti ya mume wangu sebuleni. Haikuwa kubwa.

"Vaa viatu."

"Kaka, nimelala..."

"Vaa viatu. Unaenda dukani na shemeji yako. Mimi pia naenda."

Tumekwenda watatu na miavuli miwili. Shemeji ndiye aliyebeba kasha, na ndiye aliyelowa. Dukani palikuwa na wateja wanne, nami nikafurahi ni wanne. Miwani alipotuona akaanza kutabasamu, kisha akaona kasha, tabasamu likakwama.

Mume wangu akasema, "Sema."

Shemeji akatazama sakafu. "Mzee, siku ile... shemeji hakunituma. Nilidanganya. Yeye hakujua."

Miwani akavua miwani. Akanitazama mimi, si wanaume wawili nyuma yangu.

"Nilikuwa na orodha yako hapa, fundi. Kwa mkono wako. Na kadi yako ilikuwa na karatasi niliyoiandika 'fundi'. Huyu akaja na mdomo tu, nikamwamini mdomo." Akafuta kioo kwa pindo la shati nililomshonea. "Hata simu sikukupigia."

"Hukupiga. Kwa nini?"

Akairudisha miwani puani. "Nilidhani hatimaye amekuja mwenyewe mwenye kompyuta."

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilikuwa nayo tangu tarehe ishirini na moja, nimeyanoa yakanoleka. Lakini mtu akikubali kosa waziwazi hivyo, maneno yako unayarudisha mfukoni, na hilo nalo linaudhi. Nikasema tu, "Mwenye kompyuta ni mimi. Jaribu hiyo kadi."

Ameijaribu, inafanya kazi. Ameichukua, akanirudishia vyote vya orodha yangu: kadi ya feni mbili, prosesa, kipande cha ramu, na pawasaplai nzito. Mazabodi amesema ni juu yake, na hilo sikubishana. Kasha alitaka kunipa jipya. Nikakataa, hili litakaa chini ya meza yangu na meno yake. Tepu ya kitambaa ipo.

Kwenye geti Shemeji akaniambia, "Nisamehe, shemeji." Nikamwambia nitaangalia. Sijaangalia bado.

Ijumaa, 3 Januari

Nimeunganisha mwenyewe, saa nne hadi saa tisa, mlango wazi. Nimeanza na pawasaplai. Prosesa nimeiweka kwa vidole viwili, sikupumua. Kuna skrubu moja ilinidondokea ndani, nikaitoa kwa sumaku ninayookotea pini. Mume wangu alikuja mara mbili kuuliza kama nataka kushikiwa kitu. Mara zote nimesema sitaki, na mara zote ameondoka bila kununa.

Imewaka mara ya kwanza. Taa ndogo moja, nyeupe, kwenye mazabodi. Nimelia kidogo, halafu nikakasirika kwamba nimelia.

Jumapili, 5 Januari

Jaribio limepita. Kona zote, haikuganda hata moja. Kapteni kapiga vigelegele mpaka wagonjwa wake wakaita. Wa akiba ameambiwa apumzike.

Jumatano, 8 Januari

Shemeji amehama. Kaka yake kamtafutia kazi ya kupakua magunia stoo ya shule, analala huko na walinzi. Sare mia moja na kumi.

Ijumaa, 10 Januari

Zimekwisha. Zote. Vidole havikunjiki.

Jumapili, 12 Januari

Mvua imeacha saa sita. Kombe saa nane.

Mume wangu amepika, vibaya, na amewaambia watu watatu waliobisha hodi kwamba fundi yuko kazini. Binti alikaa nyuma yangu kwenye kigoda, nimemkataza kuongea.

Raundi ya kwanza Kapteni ametuweka wa nne. Raundi ya pili wa tatu. Ya tatu, wa pili. Nikapokea mimi, gari la kwanza liko mbele yangu kidogo tu, naliona matope yake. Kompyuta imetulia, kila kitu ndani yake kinaenda pamoja, hakuna anayemsubiri mwenzake. Kona ya tano nimemfikia. Kona ya sita tumeingia ubavu kwa ubavu, nikatoka mbele. Nilikuwa wa kwanza. Nasema tena, nilikuwa wa kwanza!

Kona ya saba nikakanyaga mafuta mapema.

Gari likapiga nje, likagusa ukuta, likageuka. Nilipolirudisha njiani wamepita wawili. Tumemaliza wa tatu.

Kapteni akasema, "Pole, dada. Vifaa tu hivyo."

"Vifaa vizima!" nikamwambia. "Ni mimi. Nimekanyaga mapema."

Nimepiga meza mpaka pini zimeruka. Nimejitukana matusi ambayo binti yangu hakujua nayajua. Mume wangu akaja mlangoni na mwiko mkononi, akafungua mdomo kusema kitu, akaniona uso, akaufunga.

Watu wote niliowakasirikia msimu huu nimewapitia kichwani, mmoja mmoja, na hakuna hata mmoja wa kumtupia kona ya saba. Si Shemeji, si Miwani, si mume wangu, si mvua. Ni mkono wangu na kichwa changu na haraka yangu. Hasira ninayo hapa nilipo, imejaa kifuani, na ni tamu, sijui niseme vipi vingine. Chakula kinapoa. Binti anauliza kama anaweza kujaribu raundi moja.

Nimemwambia asubiri. Nairudia ile kona.